Utepe wa Jumamosi Nne

Tarehe 4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa afya na, bila kujisifu kupita kiasi, nikiwa na ushindi mwingine mkononi. Ijumaa iliyopita sisi walimu wa shule hii tuliandaa mdahalo, tukamwalika Mama Daktari, yule anayeongoza hospitali ya mji huu. Hoja ilikuwa kwamba utabibu ni elimu kamili. Yeye alitetea, mimi nikapinga. Nilisema, mbele ya watu wasiopungua mia mbili, kwamba utabibu ni ubashiri uliovaa koti jeupe: mpiga ramli hutazama kete, daktari hutazama ulimi, na wote wawili mgonjwa akipona hujisifu, akifa husema siku zake zilikuwa zimetimia. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mama Daktari alikunja miwani yake, akasema, "Kijana, ombea usiuguliwe," akakaa. Mimi sikuona hoja hapo. Niliona hasira tu.

Sasa jambo lenyewe. Chuo kikuu kimenijibu. Tarehe 3 Machi, saa tatu asubuhi, nitahojiwa kwa nafasi ya mhadhiri msaidizi. Nafasi ni moja, tulioitwa ni wanne, na hao watatu wengine siwataji kwa kuwaonea huruma. Nahitaji koti. Wewe uliyenishonea kaptura ya darasa la kwanza ndiye utakayenishonea koti la uhadhiri. Mama hayupo wa kuliona, basi wewe utaliangalia kwa niaba yake.

Ombi moja: usinipime kwa vile vitambaa vyako vya kale. Dunia ina sentimeta, Dada.

Mdogo wako mtiifu,
Mwalimu


Tarehe 11 Februari

Wakili wangu wa tangu utotoni,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili nikimwonea huruma Mama Daktari. Mtu mzima umemwalika, kaja na adabu zake, halafu unamvua nguo mbele ya watu? Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mdogo wangu.

Koti utalipata. Sentimeta zako kaa nazo. Marehemu mama hakujua kusoma namba, na hakuna nguo yake hata moja iliyowahi kurudishwa. Nami nafanya alivyonifundisha: kila mteja na utepe wake wa kitambaa. Kutoka ncha mpaka alama ya kwanza ya mkasi ni shingo, ya pili mkono, halafu kifua, halafu kiuno. Mwili ukibadilika naongeza alama nyingine, na tarehe pembeni kwa kalamu ya risasi. Utepe haudanganyi wala haubishi, tofauti na watu fulani ninaowafahamu.

Wako nimeuweka humu. Jizungushie, panapobana weka alama, urudishe kwa kondakta huyu huyu wa basi la asubuhi. Na usinipigie simu kwa ajili ya koti. Kwenye simu unanikata kauli kabla sijafika kituo. Kwenye barua lazima unisubiri nimalize.

Hapa kazi zimenijaa. Shule ya jirani imeagiza sare arobaini na mbili. Nakula vizuri, nimenenepa kidogo. Shangazi anapita kila siku kunichungulia, unamjua, mdomo wake hauna pazia. Akikuandikia lolote, ligawanye kwa nne.

Dada yako,
Fundi


Tarehe 17 Februari

Dada,

Shikamoo. Utepe uliouweka kwenye bahasha si wangu. Nilijaribu kuuzungusha shingoni, nusura unipeleke ahera. Nilipougeuza ndipo nikaona umeandika kwenye ncha, kwa mkono wako, neno moja: "Mimi."

Nimeusoma kama nisomavyo kitabu. Shingo: alama moja. Mkono: alama moja, ile ile ya mwaka jana. Kiuno: ile ya zamani, kisha nne mpya, kila moja imeipita iliyoitangulia, jumla vidole saba. Shangazi naye ameniandikia, na hata nikimgawanya kwa nne kama ulivyoagiza, bado linabaki tumbo. Mtu akinenepa, hunenepa mwili mzima. Mwanamke ambaye shingo haijaongezeka, mkono haujaongezeka, ila kiuno peke yake kinakwenda mbio, huyo hajanenepa. Hitimisho sina haja ya kuliandika.

Sikatazi mtu kupenda. Ninachouliza ni hiki: mwanamke wa miaka thelathini na mitano, aliyenilea kwa wimbo wa "heshima kwanza", ananificha mimi? Huyo bwana ni nani? Ana kazi gani? Mbona hajaja kujitambulisha? Na mimi nitasimamaje mbele ya wahadhiri na aibu hii mgongoni?

Najua nimeandika kwa ukali. Ukweli nao ni mkali.

Mdogo wako,
Mwalimu


Tarehe 22 Februari

Mwalimu,

Leo sikuiti Wakili. Wakili humsikiliza mteja wake kwanza.

Ningekuwa na mimba ningekwambia nikiwa nacheka, na huyo bwana ungemshonea wewe koti. Hakuna mtoto humu. Kuna maji.

Lilianza kama maumivu chini ya mbavu za kulia, siku chache baada ya mwaka mpya. Halafu sketi yangu ya kijani ikakataa kufunga. Nikaanza kujipima kila Jumamosi nikimaliza kazi, nikitumaini safari hii nitakuta imepungua. Jumamosi nne, haikupungua hata moja. Nikaenda zahanati. Tabibu akanibonyeza tumbo, akauliza, "Unakunywa kiasi gani kwa siku?" Nikamwambia, "Maji au chai?" Akacheka, akawageukia waliokaa kwenye benchi: "Mnamsikia? Wote huanza hivyo hivyo." Akaandika kwenye kadi yangu kwamba ini limeharibiwa na pombe. Mimi, ambaye hata dawa ya kikohozi hunizungusha kichwa! Akanipa vidonge vya kukojoa, akaniambia niache chupa na nimwombe Mungu.

Ndiyo maana nikanyamaza. Nilijiambia: yupo mmoja atakayeniamini, amesoma, lakini kwanza amalize mahojiano yake. Siku niliyokutumia utepe nilikuwa siwezi kuinama. Nikachukua wa kwanza niliougusa kwenye kikapu. Kumbe nimejitumia mwenyewe. Na wewe ukanisoma kuliko yule tabibu alivyonisoma, kwa ubaya zaidi. Yeye ameniita mlevi kwenye kadi. Wewe umeniita mhuni kwa mwandiko mzuri.

Urudishe utepe wangu. Jana Jumamosi nimejipima kwa kamba: kimeongezeka kidole na nusu. Koti nimelikata kwa macho. Mabega yako nayajua tangu nilipokuwa nakubeba.

Fundi


Tarehe 3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ililala siku nane kwa kondakta, aliyekuwa likizo. Nimeipata jana jioni. Siku nane, Dada! Kwa niliyokuandikia nakuomba radhi, na sijengi hoja yoyote ya kujitetea. Nimeitafuta, haipo.

Leo saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mama Daktari na utepe wako mfukoni.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Mdahalo umehamia huku?"

"Mama, nina mgonjwa."

"Na mpiga ramli wako amesafiri?"

Wauguzi walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nilistahili. Akanielekeza benchi: "Wewe ni wa kumi na saba. Hapa hatupangi foleni kwa vyeti."

Nilikaa mpaka saa tano. Zamu yangu ilipofika nikautandaza utepe mezani kwake, nikamsomea barua yako yote, hata yale maneno yanayonihusu. Aliuvuta utepe kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kucha kwenye kila alama.

"Nani amekata hii?"

"Dada yangu. Ni fundi cherehani."

"Na wewe ulielewa nini?"

Nikamwambia. Alivua miwani.

"Ulisoma alama, Mwalimu, hukusoma tarehe. Ni mimba gani hiyo inayoongeza vidole saba kwa Jumamosi nne? Na ni pombe gani? Ini la mlevi mara nyingi huharibika kwa miaka, na mikono hukonda kabla tumbo halijajaa. Huu mkono ni ule ule wa mwaka jana. Kilichotokea hapa kimetokea ghafla. Kuna kitu kimeziba."

Akachukua karatasi, akanichorea. Damu huingia kwenye ini kama watu waingiavyo ukumbini, na hutoka kwa milango mikubwa mitatu kuelekea moyoni. Hiyo milango ni mishipa. Ikizibwa na damu iliyoganda, watu hawaachi kuingia. Ukumbi unavimba, kuta zinavuja, na kinachovuja ndicho kinachojaa tumboni. Ikiachwa hivyo, ini lenyewe hufa.

"Una hakika?" nikamuuliza.

"Sina. Mgonjwa sijamwona. Hii ni dhana, na nampeleka akapigwe picha ili nijue kama nimekosea. Hapo ndipo ninapoachana na mpiga ramli wako: mimi nakwenda kutafuta kosa langu kabla mgonjwa hajafa nalo."

Dada, mdahalo nilioushinda mbele ya watu mia mbili nimeushindwa leo, siku thelathini na mbili baadaye, mbele ya mtu mmoja na utepe. Na sijawahi kufurahia kushindwa namna hii, kwa sababu akiwa sahihi yeye, basi kuna kitu cha kufanya.

Ndani ya bahasha hii, niliyomkabidhi dereva wa basi la leo, kuna barua yake ya rufaa. Ameshaipigia simu hospitali kubwa, wanakusubiri. Panda basi la kesho. Usiniambie habari za sare arobaini na mbili. Wale watoto wana nguo nyingine. Mimi sina dada mwingine. Shangazi atakusindikiza. Ule mdomo wake usio na pazia sasa umepata kazi: apige kelele pale mapokezi mpaka upewe kitanda.

Kuhusu mahojiano usijali, hayo yamekwisha.

Mdogo wako anayejutia mwandiko wake,
Mwalimu


Tarehe 7 Machi
Wodi ya wanawake, kitanda cha tisa

Wakili,

Marahaba. Ndiyo, cheo chako nimekurudishia. Nusu. Nusu nyingine nitaangalia tabia.

Shangazi alipiga kelele mapokezi mpaka mlinzi akaniletea kiti cha magurudumu, si kwa huruma, ni ili anyamaze. Siku hiyo hiyo nikaingizwa chumba cha ultrasaundi. Wanakupaka kitu cha baridi tumboni kama gundi, wanapitisha kidude, na kwenye kioo damu inayotembea inaonekana kwa rangi. Daktari wa picha alikuwa mtu wa maneno mengi, ananiuliza habari za vitambaa. Ghafla akanyamaza. "Mlango wa kwanza," akasema peke yake, "hamna rangi." Akasogeza. "Wa pili, hamna." Wa tatu akautafuta kama ninavyotafuta sindano iliyoanguka, akaupata: uzi mwembamba wa buluu. Akaita wenzake. Chumba kikajaa.

Mmoja akashika kadi yangu. "Nani huyu aliyeandika pombe?"

Nikajibu mwenyewe nikiwa nimelala chali: "Aliyeandika hayupo. Aliyeandikiwa ndiye huyu."

Walicheka, lakini daktari wao mkuu hakucheka. Alitoa kalamu, akalikata lile neno kwa mstari, akaandika juu yake "Hajawahi kunywa", akaweka sahihi yake na tarehe. Wakili, nililia. Shangazi akadhani nimeambiwa nakufa.

Mama Daktari alikuwa sahihi kwa kila neno. Damu yangu inaganda upesi kuliko inavyotakiwa, bado wanatafuta sababu. Nachomwa sindano za kuizuia. Jumanne saa tano wataingiza waya mwembamba kwenye mshipa wa shingo, waushushe mpaka kwenye ini, wauzibue ule mlango wa tatu kwa kijiputo, kisha waache humo kijibomba cha waya kiushike usijifunge tena. Hatari zake wamenieleza zote: naweza kuvuja damu, na huenda isifae kitu. Nimesaini mwenyewe.

Nimemwambia Shangazi kwamba mtu aliyetunga uzi kwenye tundu la sindano miaka kumi na tisa haogopi waya. Hayo ni ya Shangazi. Wewe nakwambia ya kweli: naogopa.

Dada yako,
Fundi


Tarehe 10 Machi
Korido, nje ya chumba cha upasuaji

Dada,

Nimefika saa tano na nusu, ulikuwa umeshaingizwa. Kwa hiyo nakuandikia umbali wa mlango mmoja, na barua hii haihitaji kondakta.

Shangazi amekaa karibu yangu na hajasema neno tangu nifike. Hakuna kilichonitisha leo kuliko hicho.

Nimesoma vitabu vingi, nawe unajua navipenda vile vinavyobishana. Nilikuwa nikiamini kwamba hakuna jambo ambalo mtu mwenye hoja nzuri hawezi kulipatia mlango. Hapa upo mlango, wa mbao, umepakwa rangi nyeupe, una kioo kidogo cha ukungu, na nimeupa hoja zangu zote. Nimeuambia kwamba wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, kwa majina yaliyoandikwa kwenye vile vitepe. Nimeuambia una miaka thelathini na mitano tu. Umenisikiliza kimya.

Saa saba. Bado.

Saa nane kasoro. Mtu mmoja ametoka mbio, akarudi mbio, hakumtazama yeyote. Shangazi amenishika mkono. Sijui kama ameushika wake au wangu.

Saa nane na robo. Kitasa kimegeuka. Ni daktari mkuu. Anavua barakoa yake. Dada, huyu mtu anacheka


Tarehe 27 Machi
Wodi ya wanawake, kitanda cha tisa, kwa mara ya mwisho

Wakili wangu mzima, si nusu,

Marahaba, tena marahaba. Tangu urudi kwa wanafunzi wako hujapata barua yangu kwa sababu nilikuwa na kazi nzito: kukojoa. Usicheke. Kilo kumi na tatu, Wakili! Ule mlango ulipozibuliwa, damu ilipita ikasahau njia ya nyuma, na maji yakaanza kutoka kama wageni walioambiwa chakula kimekwisha. Kila asubuhi muuguzi ananipandisha kwenye mizani, anasoma, wodi nzima inapiga makofi. Mama wa kitanda cha saba amesema atanipigia kura nikigombea chochote. Macho yaliyokuwa ya manjano yamerudi meupe. Jana nimeiona miguu yangu nikiwa nimesimama, nikaisalimia.

Daktari mkuu alikuja kunieleza mambo ya baadaye. Alikuwa na uso wa mtu anayeleta habari mbaya. Akasema, "Dawa ya kuzuia damu isigande utameza maisha yako yote. Kila mwezi utapimwa damu. Na kwa kazi yako jihadhari na sindano na mkasi, kidonda kidogo kitavuja sana." Akanishika bega, akidhani nimeumia. Nilikuwa nimesikia maneno matatu tu: maisha yako yote. Mwezi uliopita nilikuwa nahesabu Jumamosi! Nikamwambia, "Daktari, niandikie hizo dawa, na uandike kwa herufi kubwa muda wa kuzimeza."

Sasa kaa vizuri nikuseme. Mama Daktari wako alipiga simu wodini kunijulia hali, tukaongea kama watu waliosoma darasa moja. Katika maongezi akasema, "Mdogo wako alikaa kwenye benchi langu toka saa moja mpaka saa tano, hakwenda hata kunywa maji." Nikauliza siku gani. Akasema tarehe tatu.

Tarehe tatu Machi, saa tatu asubuhi. "Mahojiano yamekwisha," ukaniandikia. Kweli yalikwisha! Yalikwisha bila wewe! Umesema kweli bila kuutoa ukweli; ndiyo maana jina la Wakili nilikupa ukiwa na miaka minne. Nilikasirika mpaka muuguzi akanipima presha. Halafu nikalala nikiutazama ukuta nikawaza: huyu mtoto mwenye majivuno, ambaye hajawahi kukubali kushindwa hata kwenye kete, aliiacha nafasi aliyoingojea toka akiwa kidato cha kwanza, akaenda kukaa wa kumi na saba mbele ya mtu aliyemtukana. Na hakuniambia. Wewe, usiyeweza kuficha hata alama ya mtihani!

Sitakushukuru kwa barua, barua haitoshi. Ila umekosa nafasi moja, mdogo wangu, na mimi nimepata moja, na nikizipima hizo mbili sioni kama nyumba yetu imepata hasara.

Leo walinipa mtihani wa mwisho. Hapa haruhusiwi mtu kwenda nyumbani kabla hajapanda ngazi kwa miguu yake, toka chini mpaka ghorofa ya tatu, kwenye chumba cha kuandikiwa ruhusa. Shangazi alitaka kunishika kiuno, nikamwambia akanisubiri nje kwenye jua. Ghorofa ya kwanza nilipumzika. Ya pili nilipumzika nikiongea na mfagiaji kuhusu pindo la sketi yake, ambalo kwa kweli limeshonwa vibaya. Ya tatu sikupumzika.

Muuguzi mwenye faili hakuinua kichwa. "Mgonjwa wa kitanda cha tisa yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Akanitazama juu mpaka chini, akatazama na nyuma yangu. "Amekupandisha nani?"

"Nimepanda."

"Ngazi zote?"

"Zihesabu ukitaka, mimi nimezihesabu. Ni sitini na sita."

Akaandika, akagonga muhuri, akanipa karatasi yangu ya ruhusa. Nikashuka mpaka chini. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, na Shangazi namwona kule nje anagombana na mtu wa mizigo. Nikasimama pale kidogo. Kisha nikageuka, nikazipanda tena zote sitini na sita, na safari hii hakuna mtu aliyeniagiza.

Dada yako,
Fundi